Malori Manne kwa Shilingi 121

Hapa kwetu Bukhayo mahindi hupimwa kwa gorogoro, lile kopo la kilo 2 ambalo mafuta yake ya kupikia yaliliwa zamani. Ni kipimo chenye siasa. Muuzaji akitaka hukibonyeza kitako kiingie ndani. Mteja naye husimama pale akidai kilele, na punje zikiteleza kutoka juu huwa ni za kugombaniwa. Gunia la kilo 90 hutoa gorogoro arobaini na kitu. Hizo zinazozidi arobaini ndizo faida, na ndizo ugomvi.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Shule zilipofungwa alitumwa soko la Busia kumsaidia senge, yaani shangazi yangu, kuuza, simu mkononi. Akahesabu gorogoro za gunia moja, akapata 42, akagawanya, kisha akatangaza mbele ya wateja kwamba kila gorogoro ina kilo 2.142857143.

"Mjukuu wangu," senge akamuuliza, "hiyo tatu ya mwisho ni ya nini?"

Ni mikrogramu 3. Vumbi la mahindi lililoingia kwenye ukucha wa senge linaishinda kwa mbali. Na gunia lenyewe, ni nani aliyelipima? Likitoka shambani na unyevu wa asilimia 18, likaanikwa mpaka 13.5 inayokubaliwa na Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, maji yanayopaa ni karibu kilo 5. Kijana alikuwa analinda mikrogramu huku kilo zinaondoka na jua. Kwa kanuni ya darasani kwake mwenyewe, jibu halipewi tarakimu za maana nyingi kuliko vipimo vilivyolizaa: kilo 2.1, basi. Na kwa kopo lile lililobonyezwa, hata hiyo nukta moja nisingeiapia.

Nikamkumbusha kanuni. Akaipokea kwa bidii ya mlokole mpya. Kuanzia hapo kila namba ilifupishwa na kuvalishwa kumi yenye kipeo, mpaka nauli ya boda.

Sasa, binamu yangu huleta mahindi kutoka Uganda kupitia Malaba. Safari hiyo yalikuwa malori 4, kila moja tani 28, kilo kwa shilingi 1,000 za Uganda. Uganda iliwahi kufuta sufuri 2 mwaka 1987, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, lakini sufuri hazikosi njia ya kurudi: siku hizi ukivuka na kama elfu 36 za Kenya unakuwa milionea kabla hujanywa chai. Binamu akabonyeza kalkuleta yake yenye nafasi ya tarakimu 8. Ikatoa 1.12 na herufi E pembeni.

"Imekufa," akasema.

"Imejaa, baba," mpwa akamjibu. "Jumla ina tarakimu 9. Zidisha hiyo kwa kumi kipeo cha nane."

Sahihi kabisa, na ningempa alama zote. Ila badala ya kuandika kwa maneno, alichukua simu ya binamu, ile ya vitufe, akamtumia muuzaji wa Tororo hesabu kwa mtindo wa darasani. Simu ya vitufe haina pa kuipandisha ile nane ndogo juu. Ujumbe ukafika hivi: 1.12 x 108.

Muuzaji naye ana kalkuleta. Alipiga simu kwa sauti ya upole uliotutia baridi.

"Ssebo, nimezidisha nimepata 120.96. Hayo ni malori yote manne?" Akanyamaza kidogo. "Au tufanye 121 tuachane?"

Binamu alimwapia kwa Kiswahili, kwa Kikhayo na kwa Kiganda cha kuombea maji, kisha akamsomea jumla neno kwa neno: milioni mia moja na kumi na mbili. Mizigo ikaruhusiwa kuondoka.

Ikabaki kulipa. Kwenye begi tulikuwa na milioni 4 kamili za Kenya, kwa kuwa binamu huichukulia shilingi ya Kenya kuwa 28 za Uganda, miaka nenda miaka rudi. Siku hiyo ilikuwa 27.85. Ukinunua sukari hutaiona tofauti hiyo. Ukinunua malori manne ni shilingi 21,544 za Kenya. Hapa, tofauti na kwenye gorogoro, kila tarakimu ina mwenyewe. Mpwa akafungua mdomo aeleze kwamba 28 ina tarakimu mbili tu za maana. Binamu akamwonyesha lori la kwenda kukaa.

Mama mbadilishaji pesa hakugusa kalkuleta. Alitazama juu kidogo, midomo ikichezacheza.

"Ongeza elfu ishirini na moja na mia tano," akasema, huku akivuta begi. "Hizo arobaini na nne nimekusamehe."