Mabati Yako Yanaimba

Bruxelles, Jumapili jioni

Baba Mdogo mpendwa,

Umeuliza mara tatu mabati ya nyumba huko kwetu Mangobo yamefikia wapi. Mabati yapo. Yanaimba.

Kosa lilianza na ile disiki ya rumba ya Rochereau uliyonitilia sandukuni siku ya kuondoka. Nilidhani ni ukumbusho tu, nikaitundika ukutani. Siku moja nikasoma karatasi yake ya katikati: imechapwa huku huku Ubelgiji, kama disiki nyingi za Kongo za wakati ule. Yaani ilizaliwa hapa, ikaenda kucheza Mangobo, ikarudi kwao bila viza. Mimi kila mwaka napanga foleni ya karatasi.

Halafu nikakuta pikapu ya kuchezea disiki kando ya njia. Huku mtu akichoka na kitu anakiweka nje, basi. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Cha bure hawakukitaja kwa sababu walituonea huruma. Ilizunguka, lakini mkanda wake wa mpira ulikuwa umelegea kama soksi ya mwanafunzi, na Rochereau akaimba kama mtu aliyemaliza sinia ya lituma peke yake. Mkanda mpya: bati moja. (Nahesabu kwa mabati usije ukasumbuka na yuro.)

Amplifaya nilinunua Place du Jeu de Balle, uwanja wa vitu vikuukuu unaofunguliwa kila asubuhi. Muuzaji alitaka mabati manne. Nikanuna kama mama anayenunua samaki kwa wavuvi Wagenia, tukamalizana kwa mawili. Nikaunga nyaya, nikaweka disiki. Mbu! Mbu ndani ya kopo.

Kumbe sindano hutoa umeme mdogo mno, milivolti tano hivi. Na bezi hupunguzwa makusudi disiki inapochongwa, la sivyo mifereji ingepanuka ikala nafasi yote. Lazima kiwepo kidude cha kuukuza ule umeme na kuirudisha bezi mahali pake, na amplifaya yangu haikuwa nacho. Bati moja na nusu.

Kidude kilipofika, bafle zikaonekana mbovu. Mpya nilinunua moja moja, ya kushoto Machi, ya kulia Mei, mabati mawili kila moja. Aprili nzima orkestra yote ilikaa upande wa dirisha. Kisha sindano nayo ikaanza kuonekana mbovu. Hata kwa lile tundu kubwa la katikati ya disiki wanauza kiplastiki maalumu. Nilimweleza muuzaji jinsi wewe ulivyokuwa ukikata kandambili kwa wembe na kuipachika pale. Alicheka sana. Nikarudi nyumbani nikakata kandambili.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita niliweka sindano mpya, mabati matatu, usiulize. Unapajua pale upande wa pili, maana wimbo waliukata katikati na sebene, ile sehemu ya kucheza, lazima uifuate nyuma? Pale sindano inaporuka, tok, na sisi sote, hata watoto, tunaruka nayo hatua moja? Haikuruka. Ilipita juu ya mkwaruzo kama mwendesha baiskeli ya toleka anayeyajua mashimo ya Makiso. Na pale, Baba Mdogo, pana gitaa! Mzunguko mzima wa gitaa ambao Mangobo haijawahi kuusikia. Tumeuchezea ule mkwaruzo miaka yote tukidhani ndiyo rumba.

Miguu yangu haikuwa na habari. Ilipofika pale iliruka yenyewe kama ilivyozoea, nikatua kwa kishindo, na mama anayekaa chini akagonga dari kwa ufagio mara mbili. Aligonga sawasawa na mdundo, lazima niseme. Nimeirudia mara kumi na moja, na mara kumi na moja nimeruka mahali ambapo hapana tena pa kuruka. Ile sindano ya zamani sijaitupa. Iko ndani ya kiberiti.

Jumla, basi, ni mabati kumi na moja na nusu. Pesa ya yaliyobaki anakuja nayo mtu mwezi wa nane. Mvua ikizidi kabla ya hapo, sogezeni kitanda upande wa jikoni. Na zile disiki nyingine, tafadhali, ziondoe kabisa chini ya pale panapovuja.

Ni mimi mwanao.