Fimbo Nne za Chandarua

Mama mkwe wangu alishuka Mbagala Rangi Tatu jioni, akitokea Kilwa, wiki ileile masika ilipoanza kumwagika. Alikuja kutolewa mtoto wa jicho. Mke wangu alikuwa ameshaandaa kila kitu: kitanda cha binti yetu, godoro lililoanikwa kabla ya mvua, shuka jipya, na chandarua cha pembe nne ambacho hakikuwahi kutolewa kwenye mfuko wake. Kilichosahaulika ni fito. Kitanda cha mtoto hakina miti ya kufungia chandarua, na nani atamlaza mama yake mzazi Mbagala bila chandarua wakati wa mvua?

Mimi nilikuwa nimekwenda kuswali Isha. Niliporudi, taa ya chumba cha watoto ilikuwa imezimwa, mama keshalala, chandarua kimesimama wima kama hema. Nilimulika kwa simu nihakikishe kimechomekwa vizuri chini ya godoro. Kila pembe ilikuwa imeshikwa na fimbo yangu ya pool: vipande viwili vimeungwa, skrubu imekazwa, kitako kimefungwa kwenye mguu wa kitanda, ncha ya ngozi iko juu, na kamba ya katani imezungushwa mara tatu chini ya ile pete nyeupe. Pembe nne, fimbo nne.

Nilimfuata mke wangu uani.

"Umezitoa wapi?"

"Nyuma ya kabati, ulikoziweka," alinijibu huku anaosha vyombo. "Usiwe na hofu, mume wangu. Nimechukua zile za bei rahisi. Ile yako ya elfu sitini nimeiviringisha kwenye khanga, iko juu ya kabati."

Nilirudi ndani nikakaa kitandani. Ile ya shilingi 60,000 ndiyo fimbo yangu ya kwanza, na ndiyo pekee niliyomtajia bei yake ya kweli. Ya pili niliinunua 95,000 nikamwambia arobaini. Ya tatu 140,000, nikasema thelathini na tano. Ya nne nilisema nimeachiwa na mwenzangu wa kazini aliyehamia Dodoma. Ya tano, yenye mpini mweusi, niliitolea shilingi 380,000. Nikamwambia ni ya mtumba, elfu thelathini tu, na muuzaji alikuwa na shida. Mke wangu aliamini kila neno. Usiku ule alizipanga fimbo zangu kwa bei nilizompa mwenyewe, akailinda ya kwanza na kuzitia kazini zilizobaki.

Naomba nieleze ilivyoanza, maana sikuanza vibaya. Nina miaka tisa nacheza kwenye banda la bati lililopakana na saluni, mchezo mmoja shilingi 500. Anayeshinda anabaki mezani, anayefungwa anarudi benchi. Fimbo za pale ni za kila mtu, kwa hiyo hazina mwenyewe. Moja imepinda kama upinde, nyingine ngozi yake ilibandikwa kwa gundi ya viatu, nyingine haina ngozi kabisa. Nayo ngozi ndiyo roho ya fimbo. Mwanzoni mwa karne ya 19 afisa mmoja wa jeshi la Ufaransa, François Mingaud, alianza kuvisha ncha ya fimbo kipande cha ngozi, na tangu hapo mtu akaweza kuupiga mpira mweupe chini ukarudi nyuma, au pembeni ukazunguka, bila fimbo kuteleza. Ukicheza na fimbo isiyo na ngozi umerudi nyuma ya Mfaransa yule. Fimbo ya kwanza naitetea mpaka leo: nilihitaji kitu kilichonyooka, chenye ngozi inayoshika chaki, nikakinunua.

Nne zilizofuata zilikuja kwa njia nyingine. Kila moja ilitanguliwa na kufungwa. Nafungwa Jumamosi na kijana fundi pikipiki, nalala nikiurudia mpira mweusi uliokataa kuingia, na Jumatatu baada ya kazi najikuta Kariakoo ninaviringisha fimbo juu ya kioo cha kaunta nione kama inayumba. Muuzaji anakwambia hii ni mepo, ile ni ya mti wa ashi wa Kiingereza, hii ncha yake milimita 13, ile milimita 10. Yote ni kweli. Hakuna aliyenidanganya. Mepo ni mti mgumu wenye nyuzi laini zisizokwaruza vidole, ashi ina michirizi unayoweza kuifuata kwa jicho, na ncha nyembamba inakupa usahihi wakati nene inakusamehe. Nilipenda kuvijua vitu hivyo, na bado napenda. Nikifika nyumbani naipangusa kwa kitambaa kikavu, naiunga, naitenganisha, naiunga tena, nasikiliza mlio wa skrubu ikifika mwisho. Usiku wa kwanza na fimbo mpya mipira inaingia, kwa sababu usiku ule natulia, naangalia, sina haraka. Nilidhani ni fimbo.

Baada ya wiki mambo yanaharibika, na kuna sababu ambayo nilichelewa kuielewa. Ukiupiga mpira mweupe pembeni ili uzunguke, hauendi moja kwa moja ulikoelekeza. Unachepa kidogo upande wa pili, kwa kuwa uzito wa sehemu ya mbele ya fimbo unausukuma. Ncha nyepesi inachepesha kidogo, nzito inachepesha zaidi, na kila fimbo ina kiasi chake. Mkono wa mchezaji unajifunza kiasi hicho kimyakimya kwa mamia ya mapigo, mpaka jicho linalenga pembeni lenyewe bila kuambiwa. Ukibadilisha fimbo unaufuta mkono. Nilikuwa nalipa fedha nyingi kuufuta mkono wangu kila baada ya miezi michache, kisha nikiona nakosa, naitafuta fimbo nyingine.

Stephen Hendry, Mskoti aliyetwaa ubingwa wa dunia wa snuka mara 7, alichukua mataji yote hayo kwa fimbo moja aliyoipata akiwa mvulana kwa paundi 40 hivi. Aliendelea nayo mpaka 2003 ilipovunjika safarini kwenye mizigo ya ndege. Nilikuwa naijua habari hiyo kabla sijanunua ya tatu. Niliwahi hata kuwasimulia wenzangu bandani, fimbo mpya nimeishika mkononi.

Asubuhi ya pili ya ugeni wake, mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja umeishika ile fimbo ya pembe ya mlangoni. Nikamsabahi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Njoo." Macho yake yalikuwa na ukungu, hakunitazama, aliendelea kuupapasa mpini. Akaugonga kwa ukucha, akasikiliza. "Huu mpingo."

Nilimwambia ndiyo, ni mpingo, hutiwa kwenye mpini ili uzito ukae nyuma, karibu na mkono unaopiga.

"Uliukuta wapi?"

"Kariakoo, mama. Fimbo imetoka nje, kwenye kontena."

Alinyamaza kitambo. Kwao Kilwa mpingo ni mali ya kijiji. Misitu ile ina kamati, na mti haukatwi bila kamati kukubali. Aliniambia marehemu baba yake alikuwa akionyeshwa mpingo mnene anauliza nani aliuona ukiwa mchanga, na hakuna anayejibu, maana unapita miaka 70 kabla haujafaa kupasuliwa mbao. Mbao zake zikitupwa mtoni zinazama. Zinapanda meli, zinakwenda kuwa klarineti Ulaya. "Sasa huu umekwenda huko kwao," alisema, "ukageuzwa fimbo, ukarudi kunishikia chandarua." Alilisema kwa upole, kama mtu anayempokea msafiri. Mimi nilisimama pale nikijua huo mpini umetoka kwenye fedha gani, nikashindwa kukaa naye.

Fedha zile zilikuwa za mifereji na tangi. Tulipanga kabla ya masika tufunge mifereji ya bati kuzunguka paa na kununua simtanki la lita 1,000, tuache kununua maji ya madumu. Mke wangu alichangia kutoka kwenye kikoba chake, mimi nikakaa na fedha. Nilipozichota nilijiambia nitazirudisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa miezi miwili ulipita. Sasa masika ilikuwa inapiga bati usiku kucha, na alfajiri mke wangu anatoka na khanga kichwani kupanga ndoo, beseni na sufuria kubwa chini ya kingo za paa. Maji mengine yote yanakimbilia barabarani. Nilikuwa nalala nikiyasikia.

Wiki mbili fimbo nne zikiwa zimeshika chandarua, nilicheza na fimbo ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa huru. Siku tatu za mwanzo niliupeleka mpira mweupe kila mahali. Siku ya kumi hivi niliona nimeacha kuufikiria. Sikuanza kushinda, fundi pikipiki aliendelea kunirudisha benchi kwa fimbo ya banda, yoyote aliyoikuta ukutani. Ila nilipokosa nilijua nimekosa wapi: nimenyanyua kichwa, au nimeukaza mkono wa nyuma. Kwa miaka mitatu sikuwa nimejua hilo, kwa sababu kosa lilikuwa linasingiziwa mti.

Mama alifanyiwa jicho la kulia, likafunguliwa, akaanza kuona. Kwa siku kadhaa alikuwa anatuelezea nyumba yetu wenyewe: ufa wa ukutani, rangi ya pazia, kovu la binti yetu kidevuni ambalo hakuwahi kuliona. Jioni moja, amejilaza, sisi tumekaa mkekani tunachambua mchele, akasema kutoka ndani ya chandarua:

"Baba, hii fimbo ya mpingo imepinda."

Niliinuka. Alikuwa ameitazama kwa chini kwenda juu, jinsi seremala anavyopima ubao. Nikafungua kamba, nikaishusha, nikaiviringisha kwenye sakafu ya saruji. Mpini ulikwenda sawa. Mti wa mbele ulipiga chini, ukanyanyuka, ukapiga chini. Wiki mbili za kuvutwa na kamba, dirisha wazi, hewa imejaa maji. Mepo ni ngumu, lakini ni mti, na mti unakunywa unyevu.

"Pole," mke wangu alisema. "Angalau ni ile ya elfu thelathini."

Binti yetu alikuwa hapo, na mama alikuwa hapo, na ndiyo maana nilisema palepale. Ningengoja tubaki wawili nisingesema. Nilimwambia ni laki tatu na elfu themanini. Nilimwambia na bei za zile nyingine. Nilimwambia fedha za tangi.

Hakupiga kelele. Alimaliza kuchambua mchele uliokuwa kwenye ungo, akaupepeta, akatupa pumba. Kisha akauliza swali moja: "Mwenzako wa Dodoma, yupo?" Nikasema yupo, amehama kweli, lakini hakuniachia fimbo. Akatikisa kichwa. Nadhani hilo la Dodoma lilimuumiza kuliko fedha, kwa sababu aliwahi kumpigia mke wa yule bwana kumshukuru.

Siku tatu alizungumza nami mambo ya nyumba tu. Siku ya nne aliziviringisha fimbo zote nne za chandarua sakafuni mwenyewe, akiwa ameniita nisimame kando nimweleze kila moja ina nini. Nilieleza kila kitu, ncha, uzito, aina ya mti, na bei. Mbili zilikuwa zimenyooka bado. Hizo alisema ziuzwe, fedha ziende kwenye mifereji. Tangi nitalilipa mimi kidogokidogo kupitia kikoba chake, jina langu likiandikwa kwenye daftari mbele ya wanawake wenzake. Nimeandikwa. Ya nne, ile ya Dodoma, imepinda kidogo; imebaki kuwa fito ya chandarua.

Ikabaki ya mpingo. Usiku huohuo nilimwandikia muuzaji wa Kariakoo kuuliza, kuuliza tu, naye akanijibu kabla sijaweka simu chini: mti wa mbele unauzwa peke yake, skrubu ni ileile, shilingi 160,000, na wa sasa hauchepeshi kabisa. Alituma na picha. Niliikuza picha ile nikatazama nyuzi za mepo, zimelala pamoja kama nywele zilizochanwa. Mpini ulikuwa mzima, mapajani mwangu, mzito, baridi. Bila mti wa mbele ni kipande cha kuni. Na mti wa mbele ulikuwa Kariakoo.

Asubuhi nilimpelekea mama ule mpini. Nikamwambia nyuma una mpira, ung'olewe. Mbele una skrubu, ukatwe. Hakuuliza kwa nini. Aliupima kwa mkono, akaulaza kifuani, akasema mlango wake wa uani hauna komeo tangu mwaka juzi, na urefu huu unatosha kabisa.

Siku ya safari nilimsindikiza Rangi Tatu alfajiri. Mvua ilikuwa imekatika. Begi lake lilikwenda kwenye buti, lakini mpini ulioviringishwa kwenye khanga alikataa kuutoa. Kondakta alimwambia bibi, lete tuuweke chini, ni chuma hicho?

"Mpingo," alisema, anapanda ngazi. "Narudi nao nyumbani."