Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kukuombea afya njema wewe, familia yako na wasaidizi wako wote hadi dereva, naomba dakika mbili za muda wako wa thamani. Ningekuandikia kwa baruapepe, ila hapa Muleba mvua inanyesha.

Kwanza, shukrani. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umetoka pwani, zinakotua nyaya za baharini za SEACOM na EASSy, umefika Bukoba na kuvuka Mutukula hadi Uganda. Majirani wanafaidi, nasi tunawapongeza kwa dhati. Nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinabeba mwanga wa dunia nzima na kutupita bila kutusumbua hata kidogo. Ustaarabu ulioje!

Sisi wengi tunatumia ya hewani: mnara, laini, bando, na kwa mwenye uwezo, ruta ndogo dirishani. Silalamiki. Ila minara mingi huzungumza yenyewe kwa yenyewe kwa madishi ya masafa ya juu, na masafa hayo hunyonywa na matone mazito. Bukoba, kama Mheshimiwa ajuavyo, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Enzi za ADSL na nyaya za shaba tulikuwa na mgeni mwingine: radi ya Ziwa Victoria, iliyoweza kufuata waya wa simu hadi kwenye modemu na kuiunguza. Kioo hakipitishi umeme, wala hakijali mvua. Ukitafuta mahali pa kuvuta nyuzi za kioo hadi mlangoni, ni huku kwetu.

Nitaambiwa nifunge dishi. Setilaiti za VSAT za zamani zinakaa kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo swali na jibu lake huchukua zaidi ya nusu sekunde, hata pasipo wingu. Za Starlink, zilizo kama kilomita 550 tu, zina wepesi. Rwanda wanazitumia tangu 2023, Burundi tangu 2024. Kwa wavuvi wa visiwa vya Goziba na Bumbire hilo naliunga mkono, maana huko mtaro ungechimbwa majini. Nchi kavu tuna mkongo.

Ombi langu ni dogo hata naona haya, jambo adimu kwetu sisi nshomile, tunaojiona wasomi. Naomba matawi: kutoka kwenye mkongo hadi zahanati, sekondari na vyama vya msingi vya kahawa. Palipo na nguzo za umeme, waya wa fiba unaweza kuning'inizwa hapohapo bila kuchimba. Mwishoni kinafungwa kisanduku kimoja kinachopokea mwanga na kutoa Wi-Fi.

Bajeti isipotosha, Mheshimiwa, anza na zahanati.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mnunuzi wa bando, Muleba