Koti la Kafa Ulaya

Ujumbe uliingia saa tatu usiku nikifunga kamba za viatu kwenda zamu ya ghalani. Nimepata kazi ya siku moja kwenye tamthilia ya televisheni, nafasi ya mfiwa. Si yule mfiwa anayelia, huyo ana jina na kiti cha kukunja chenye jina lake. Mimi ni mfiwa wa safu ya nne, kazi yangu ni kumfanya yule anayelia aonekane ana ndugu. Hadithi ni ya mwaka 1974. Jumamosi, wakasema, tutakupima nguo kwa video.

Naishi Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, mji ambao ukitoka kituo cha basi kwenda dukani unaweza kuitikia salamu za Kiswahili mara tatu njiani, nyingi za Wakongo. Tangu jimbo la Georgia lilipopandisha nafuu ya kodi kwa watengeneza filamu mwaka 2008, kamera zimejaa huku kama bodaboda kwetu Buguruni, Dar. Ile Black Panther tuliyoishangilia sote ilipigwa maeneo haya mwaka 2017, na Ruth E. Carter aliyebuni mavazi yake akachukua Oscar. Jirani yangu mmoja anaapa alikuwemo. Tumeirudia filamu mara nne tukimtafuta, ya tano tukaacha kwa kumstahi.

Zamani sisi maekstra tulikuwa tunaitwa kwenye bohari la mavazi, mtu mwenye pini mdomoni anakuzunguka, anavuta hapa, anakunja pale, unaondoka. Corona ikafunga studio Machi 2020, na zilipofunguliwa watu wa mavazi walikuwa wameshagundua kwamba kazi ile yote inaweza kufanyika sebuleni kwako, kwa simu yako, kwa bando lako.

Kwanza yakaja makatazo. Usivae nyeupe, inang'aa. Usivae nyekundu, jicho la mtazamaji litamwacha nyota likufuate wewe. Usivae kijani, kwa sababu wakikuweka mbele ya kile kitambaa chao cha kijani kiwiliwili kitayeyuka, utabaki kichwa kinachoelea msibani. Mistari myembamba marufuku, kwenye kamera inacheza kama maji ya bombani. Nembo za aina yoyote, marufuku. Uje na chaguo tatu.

Nikafungua kabati. Jezi nyekundu ya Simba. Jezi ya kijani ya Yanga, ya shemeji aliyelala hapa akaisahau makusudi. Kanzu mbili nyeupe. Shati la mistari la harusi. Kilichosalia ni kizibao cha ghalani, rangi ya chungwa inayowaka, kilichoshonwa ili mwenye foklifti asiweze kusema hakukuona.

Halafu ikaja fomu ya vipimo, mistari kumi na sita. Shingo, kifua, kiuno, nyonga, bega hadi kifundo cha mkono, mguu wa ndani, mzunguko wa kichwa. Fundi wangu wa Buguruni, aliyenishonea suti ya harusi, alinitazama mara moja tu, akaandika namba tatu kwenye boksi la sigara, akasema njoo Ijumaa. (Nilikwenda Ijumaa nne.) Hawa wanataka mzunguko wa kichwa cha mtu atakayeonekana kisogo.

Futi niliyonayo ni ya chuma, ya kupimia mbao, inayojirudisha yenyewe kwa hasira. Ukiizungushia kiunoni inakataa kupinda, ukiilazimisha inaruka na kukutafuta vidole. Nilikuwa nimeshapigwa mara mbili pale Mama Espérance wa mlango wa pili, mtu wa Bukavu, alipoingia kuomba chumvi. Akanitazama, akaitazama futi, akachomoa waya wa chaji kwenye simu yangu bila kuomba ruhusa.

"Simama muzuri, Baba Neema."

Akanizungushia waya kiunoni, akabana kwa kucha pale ulipokutana, akaulaza mezani juu ya futi. Inchi 38. Fomu yangu ya mwaka juzi ilisema 34. Nikamwomba arudie. Akarudia, safari hii nimevuta pumzi hadi macho yakalowa. Inchi 38, na simu asilimia sita.

"Hii tumbo yote iko ya weye peke yako?" akauliza, kwa upole wa daktari.

Ikawa ndio utaratibu wetu: kipimo kimoja, chomeka chaji dakika tano, chomoa, kipimo kingine. Mguu wa ndani nilipima mwenyewe, chooni.

Jumamosi saa nne asubuhi binti wa mavazi akapiga. Alitaka nisimame mbele ya ukuta mtupu. Nyumba ya Mswahili ina ukuta mtupu? Huku kanga, kule kalenda ya msikiti, pale picha ya harusi, katikati saa kubwa yenye maua. Tukaishia kwenye mlango wa choo, simu imeegemea chupa ya chai. Kila nilipoinua mikono nilivyoagizwa, sakafu ilitikisika, simu ikateleza, na binti wa mavazi akawa anapima feni ya darini.

Nikamwonyesha nguo tatu za kuazima, kwanza suti nyeusi. Nzito mno, akasema, hiyo ni ya mtu wa safu ya kwanza. Nikamwonyesha jaketi la bluu. Hilo lina zipu ya juzi. Nikamwonyesha sweta, akanyamaza kimya cha heshima. Anachotafuta, akaeleza, ni koti la sufu, kahawia, kola pana kama masikio ya tembo.

Sasa, saa hiyo Buguruni ni saa kumi na moja jioni, na Jumamosi saa kumi na moja ni zamu ya mwanangu Neema kuongea na bibi yake kwa video. Neema ana miaka minane na anatafsiri kila kinachopita masikioni mwake, hata ambacho hajaombwa. Kutoka kwenye kishikwambi nikasikia sauti ya mama: "Koti la kahawia? Si kama lile la marehemu babu yako?"

Koti lile nalijua. Baba alilinunua soko la Karume wakati mitumba ilipoanza kumiminika, katikati ya miaka ya 1980, watu wakiiita kafa Ulaya, kwa imani kwamba nguo nzuri kiasi kile haiwezi kupanda meli mpaka mwenyewe azikwe. Ndani ya kola kuna kitambaa kidogo kinachosema limeshonwa Marekani. Lilivaliwa mara mbili tu: safari moja ya Mbeya mwezi Juni, na homa moja ya malaria.

Kabla sijasema neno, Mjomba alishaitwa kutoka uani. Akatokea kwenye skrini, msuli chini, koti la sufu juu, vifungo vyote vimefungwa, joto la Dar limemkaa shingoni. Neema akakiinua kishikwambi mbele ya simu. Binti wa mavazi akasimama. Akamwita bosi wake. Bosi akaita mtu mwingine mwenye miwani.

"Mwambieni ageuke," wakasema.

"Babu, geuka," Neema akasema.

Mjomba akageuka. Mbele, ubavu, mgongo. Akainua mikono. Akakaa, akasimama. Jasho likawa linadondoka kwenye kola ile pana, tone moja baada ya jingine.

"Mbona wanampiga picha kama mwizi?" mama akauliza.

Wale watatu walikuwa wanakumbatiana. Ndilo lenyewe, wakasema, Jumanne uje nalo. Nikawaeleza kwamba koti liko zaidi ya kilomita 13,000 kutoka hapa, na nauli ya kifurushi inazidi malipo yangu ya siku. Kimya. Kisha binti akauliza kama yule mzee anapatikana Jumanne.

Jumanne saa kumi na moja alfajiri nikaingia kwenye hema la mavazi. Mama mmoja mtu mzima, pini mdomoni, kikombe cha kahawa mkononi, akanitazama kutoka juu hadi chini kwa muda wa funda moja. "Thelathini na nane," akasema, akachomoa koti kwenye mtungo wa makoti mia, akanitupia. Likanikaa kama ngozi. Fomu yangu ya mistari kumi na sita sikuiona mikononi mwa mtu.

Kipindi kimesharushwa. Bega langu la kushoto limeonekana vizuri sana. Mama aliliangalia, akasema koti la kuazima linajulikana tu.

Shida iliyobaki ni Mjomba. Neema, kwa uaminifu wake, alimtafsiria kwamba siku ya kupima nguo nayo ina malipo yake, mbali na siku ya kazi. Mjomba akapiga hesabu. Aliyevaa ni nani? Aliyegeuka ni nani? Tangu hapo kila Jumamosi, saa kumi na moja za Buguruni, anatokea kwenye skrini amelivaa, vifungo vyote, hatoi salamu. Anageuka mbele, ubavu, mgongo, anainua mikono, kisha anakaa kusubiri.