Babu Bora ni Yule Aliyeshtakiwa

Tumchukue mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, mkazi wa Ohio, ambaye baada ya kuagwa kazini kwa keki na hotuba ameamua kutafuta asili ya ukoo wake. Kama Wamarekani wengi wa rika lake, ana ombi moja moyoni ambalo halisemi hadharani: babu awe mwinyi wa Kiingereza mwenye ngome na nembo. Akikosa mwinyi, basi apate mchungaji. Na mchungaji naye akikosekana, angalau apatikane babu aliyepanda ile merikebu ya Mayflower, iliyofika pwani ya Massachusetts mwaka 1620 ikiwa na abiria 102.

Ombi hilo la mwisho hukubaliwa mara nyingi. Shida huwa ni kujua abiria yupi.

Mwalimu wetu anaangukia kwa John Billington. Merikebu ilikuwa bado imetia nanga pale Francis, mtoto wa bwana huyu, alipofyatua bunduki ndani ya chumba chenye pipa la baruti, nusura akiteketeze chombo na abiria wake wote. Mwaka uliofuata mtoto mwingine akapotea porini, hata ikabidi Wanauset, wenyeji wa pwani ile, wamrudishe. Baba mtu naye hakutaka kupitwa. Alimtolea nahodha wa ulinzi maneno ya kifedhuli, akaomba msamaha na kusamehewa. Kisha mwaka 1630 akampiga mtu risasi, akamwua, na akawa mtu wa kwanza kunyongwa katika koloni la Plymouth. Mjane wake, Eleanor, alihukumiwa mwaka 1636 kufungwa kwenye mkatale na kuchapwa viboko kwa kumchafulia mtu jina.

Sasa fikiria siku ya Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga yuko katikati ya meza, wakwe wamealikwa, na mwalimu anasimama kutangaza matokeo ya utafiti. Mkwewe anaweka uma chini. Watoto pekee ndio wanaofurahi.

Hata hivyo mwalimu hana haja ya kuona haya. Rais James Garfield alikuwa wa uzao huohuo wa Billington, na chama cha wazao wa Mayflower, kilichoanzishwa mwaka 1897, humpokea mzao wa mtu aliyenyongwa kama kinavyompokea mzao wa Gavana William Bradford. Tena, kwa upande wa utafiti, Billington ni bahati kubwa. Makarani wa koloni hawakushika kalamu ili wajukuu wa karne ya 21 wapate cha kusimulia mezani. Waliandika nani anadaiwa, shamba la nani linapakana na la nani, nani katoroka kwa bwana wake, nani kamtukana nani. Mtu mpole aliyelipa madeni yake, akalima, akazaa na kufa kitandani alikuwa hamshughulishi karani, na wazao wake leo wanahangaika naye kama anayetafuta sindano mchangani.

Tazama Edward Doty. Alikuja na Mayflower akiwa mtumishi wa Stephen Hopkins. Mwaka 1621 alipigana kwa upanga na kisu na mtumishi mwenzake, wote wawili wakafungwa kichwa na miguu pamoja mpaka wakalia kuomba radhi. Maisha yake yaliyobaki aliyatumia kushtaki na kushtakiwa, na kwa hiyo ana kumbukumbu nyingi kuliko waungwana kadhaa wa wakati wake. Hopkins mwenyewe, yule bwana wake, alikwisha kuhukumiwa kifo Bermuda kwa uasi kabla ya hapo, akasamehewa kwa kulia sana akiwataja mke na watoto. Huko Plymouth tena akashtakiwa kwa kuwaacha watu wanywe nyumbani kwake siku ya Jumapili. Ukimpata Hopkins kwenye ukoo wako, umepata maktaba nzima.

Kisha inakuja kalenda, na hakuna anayeteswa nayo kama mwalimu wa hesabu. Anakuta katika daftari la mji kwamba wazee wake walifunga ndoa Aprili 1690 na kwamba mtoto wao wa kwanza alizaliwa Februari 1690. Anahesabu kwa vidole. Anahesabu tena. Anafunga daftari na kutazama kama kuna aliyemwona. Ni mtunza kumbukumbu anayemwokoa: hadi mwaka 1752 Waingereza na makoloni yao walianza mwaka tarehe 25 Machi, hivyo Februari ya 1690 iliifuata Aprili ya 1690 kwa miezi kumi. Heshima ya bibi inarejea mahali pake. Msomaji wa pwani yetu, anayejua kwamba Mfungo Mosi ndio Shawwali na kwamba Muharramu, mwezi unaofungua mwaka wa Kiislamu, huitwa Mfungo Nne, hatashangaa sana. Wamarekani hushangaa. George Washington mwenyewe aliandikwa kuzaliwa tarehe 11 Februari 1731, na leo husherehekewa kuwa alizaliwa tarehe 22 Februari 1732, kwa sababu kalenda iliporekebishwa watu walilala tarehe 2 Septemba 1752 wakaamka tarehe 14.

Majina nayo yana vituko vyake. Mwalimu anamwandika Love Brewster kuwa binti, kama ambavyo sisi tungemdhania Upendo. Kumbe ni mwanamume, alioa mwaka 1634, na kaka yake aliitwa Wrestling, yaani Mieleka. Huko Dover, New Hampshire, palikuwa na mzee wa kanisa aliyeitwa Hatevil, Chukia-uovu, na jina la ukoo Nutter. Mtoto akifa, aliyemfuata hupewa jina lilelile, basi marehemu anaonekana amefufuka na kuoa. Mwandiko wa zamani ulikuwa na herufi ya s iliyonyooka hata ikafanana na f, na katika nakala zilizochapwa baadaye Moses anakuwa Mofes. Ama wale wanaoitwa Senior na Junior, mwalimu anawapanga baba na mwana bila wasiwasi wowote. Katika miji ile maneno hayo mara nyingi yalimaanisha mkubwa na mdogo tu kati ya watu wawili wenye jina moja, labda mtu na mpwa wake, na Senior akifariki, Junior alipanda cheo akawa Senior. Jedwali la mwalimu, alilolichora kwa rula, linaanza upya.

Uchovu wa namna hiyo ndio uliomtajirisha Gustave Anjou. Bwana huyu, Mswidi aliyewahi kuhukumiwa kwao kwa kughushi, alihamia Marekani na kuwauzia matajiri koo zilizokwisha kupikwa. Bei yake ilitajwa kufika dola 9,000, fedha ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 ilinunua nyumba na samani zake. Ufundi wake ulikuwa rahisi: alinukuu wosia halisi na madaftari halisi ya parokia, kimoja baada ya kingine, mpaka mteja alewe kwa ushahidi, kisha katikati akachomeka hati moja aliyoitunga mwenyewe, ile inayomuunganisha mteja na mwinyi. Alifariki mwaka 1942, lakini koo zake za uongo, ambazo ni mamia, bado zinanakiliwa na watu waaminifu kabisa.

Na kuna waliomo kwenye kumbukumbu bila majina. Sensa ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1790, ilimtaja mkuu wa kaya tu. Watumwa walihesabiwa kwa idadi. Hata mwaka 1850 na 1860 orodha zao zilionyesha umri, jinsia na rangi chini ya jina la aliyewamiliki. Mzao wao anayetaka kuvuka mwaka 1870, sensa ya kwanza iliyowataja walioachiwa huru, hulazimika kusoma wosia na orodha za mirathi za familia ya bwana wao, ambamo jina la bibi yake liko baada ya ng'ombe na kabla ya vyungu vya chuma. Hapo ucheshi unakatika, na unastahili kukatika.

Ndiyo maana habari ya John Punch ni ya ajabu. Mwaka 1640 mtumishi huyu Mwafrika alitoroka huko Virginia pamoja na wenzake wawili, Mholanzi na Mskoti. Walikamatwa Maryland. Wazungu wale wawili waliongezewa miaka ya utumishi. Punch akahukumiwa kutumika maisha yake yote. Mwaka 2012 watafiti wa kampuni ya Ancestry walitangaza, kwa kuunganisha nyaraka na vipimo vya vinasaba, kwamba kuna uwezekano mkubwa Barack Obama ni mzao wake. Watu waliokuwa wakitazama Kogelo nchini Kenya, kwa baba, ambako ukoo husimuliwa kwa mdomo na wazee, walielekezwa kwingine: mstari unapitia kwa mama yake, Mzungu wa Kansas. Kwa mama huyohuyo Obama alikwisha kuambiwa, mwaka 2007, kwamba yeye na Dick Cheney, makamu wa rais wa wakati huo, ni ndugu wa mbali, kupitia Mfaransa aliyehamia Maryland katika karne ya 17. Msemaji wa Obama alijibu kwamba kila ukoo una mtu wake wa kuaibisha.

Jina la Punch limetufikia kwa sababu moja, kwamba alitoroka na mahakama ikamwandika. Kwa hiyo ukikutana na Mmarekani anayejinadi kuwa ukoo wake ni wa enzi za koloni, usimwulize babu yake alikuwa na cheo gani. Mwulize alishtakiwa mwaka gani na kwa kosa gani. Akikosa jibu, mshauri aanzie kwenye majalada ya mahakama.