Kawia Ufike: Sifa za Ukawiaji wa Sauti Mtandaoni

Utungo wa kukisifu kitu kinachodharauliwa ni utanzu wenye heshima ya karne nyingi: Lucian, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 2, alimsifu nzi, naye Erasmus wa Rotterdam akausifu upumbavu katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1511. Ukawiaji wa sauti, yaani muda unaopita tangu sauti itolewe upande mmoja wa mtandao hadi isikike upande wa pili, unastahili kuingizwa katika orodha hiyo, kwa kuwa unalaaniwa kila siku ilhali ndio mwasisi na mlinzi wa maonyesho ya mtandaoni ya wanamuziki wa ridhaa, yaani wale wanaopiga ala au kuimba bila malipo, na mara nyingi bila kuombwa. Haki yake itatolewa hapa kwa utaratibu wa sifa za kale, unaoanza na nasaba, ukapitia matendo na fadhila, ukaishia kwa kuwajibu wapinzani.

Kwa nasaba, ukawiaji hauna wa kushindana nao, kwa sababu baba yake ni umbali na mama yake ni kasi ya nuru, wazazi wawili ambao hawajawahi kubembelezwa wakakubali. Kabla ya mwaka 2009, ambapo mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika pwani ya Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti kati ya eneo hili na nchi za nje ilipitia setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo sauti ilipanda na kushuka zaidi ya kilomita 70,000 na kutumia kama robo ya sekunde kabla ya kumfikia msikilizaji. Mkongo uliupunguzia ukawiaji ukubwa lakini haukuuvua cheo, kwani katika nyuzi za kioo nuru husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Mombasa hadi London, umbali unaozidi kilomita 7,000 hata ukipimwa kwa mstari ulionyooka, haiwezi kutumia chini ya milisekunde 35, ambapo milisekunde ni sekunde iliyogawanywa mara elfu moja. Juu ya urithi huo huongezeka michango ya jamaa wengine, wakiwamo kompyuta inayogeuza sauti kuwa tarakimu na hifadhi ya muda, mahali ambapo vipande vya sauti husubiriana ili visimfikie msikilizaji vikiwa vimekatikakatika.

Tendo lake la kwanza tukufu lilikuwa kuwakataza watu kupiga muziki pamoja. Hewani sauti hukimbia takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo wanamuziki wawili walioachana kwa mita 10 husikiana kwa kuchelewa karibu milisekunde 30, na hapo ndipo ugumu wa kushika mapigo ya pamoja unapoanza. Mtandao unapovuka mpaka huo, mpiga udi humsubiri mpiga fidla, ambaye naye anamsubiri mpiga udi, kama wageni wawili wanaopishana mlangoni kwa adabu hadi chakula kikapoa, na wimbo huzidi kupungua kasi mpaka unasimama wenyewe bila kuamriwa. Hakuna mwalimu wa muziki aliyewahi kuwafanya wanafunzi wake wasikilizane kwa heshima ya kiwango hicho.

Kutokana na katazo hilo ndipo ulipozaliwa utaratibu unaofuatwa sasa, ambapo kila mshiriki hujirekodi nyumbani kwake, hulituma faili kwa mratibu, naye mratibu huzipanga rekodi zote katika ratiba moja na kuzifungua siku iliyotangazwa ili wote wasikilize. Mtunzi wa Marekani Eric Whitacre aliufikisha utaratibu huo mbali kwa kujirekodi akiongoza kwaya isiyokuwepo, kisha kuwaomba waimbaji wamfuate wakiwa majumbani mwao na kuziunganisha sauti zao baadaye: mwaka 2010 kwaya yake ya mtandaoni ilikuwa na waimbaji 185 kutoka nchi 12, na kufikia mwaka 2020 ilikuwa na waimbaji 17,572 kutoka nchi 129. Kama sauti zingeweza kuvuka bahari bila kuchelewa, pengine watu hao wangejaribu kuimba kwa wakati mmoja, na dunia ingepata kwa mara ya kwanza zogo la watu elfu kumi na saba.

Katika fadhila zake, ya kwanza ni ukweli. Mwanagenzi anayepiga kundini anaweza kujificha nyuma ya ngoma na sauti za wenzake, lakini anayerekodi peke yake hana pazia, na akijisikiliza hugundua kwamba huenda mbio penye wepesi na kujikokota penye ugumu, na kwamba ule utulivu aliouona kuwa wa hisia nzito ulikuwa ni kidole kikitafuta nota inayofuata. Fadhila ya pili ni subira, kwa maana mkono uliocheza vizuri jioni nzima hutetemeka mara tu kinasa sauti kinapowashwa, na kazi hurudiwa hadi usiku, jambo linalowapa watu wa nyumbani na majirani nafasi ya kuijua kila nota ya wimbo huo, pamoja na kadhaa zisizokuwemo. Mara nyingi rekodi iliyonyooka kuliko zote ndiyo ambayo jogoo aliamua kushiriki, na mshiriki hulazimika kuchagua kati ya rekodi yenye kosa isiyo na jogoo na rekodi yenye jogoo isiyo na kosa. Wenye busara humchagua jogoo, kwa kuwa lawama yake humwangukia mwenye kumfuga.

Fadhila ya tatu ni huruma, nayo ndiyo kubwa. Ukumbini msikilizaji hukamatwa akiwa na uso wake halisi, ila katika onyesho la mtandaoni hata makofi hukawia, kwa sababu hutolewa kwa maandishi, na anayeyaandika hupata muda wa kutafuta la kusifu: asiyeweza kusifu vidole husifu mlio wa ala, na asiyeweza kusifu mlio husifu uteuzi wa wimbo au ujasiri wa kuujaribu. Unafiki huo una manufaa, kwani kila msikilizaji naye yumo katika ratiba na anangoja zamu yake ya kuhukumiwa, na kwa njia hiyo watu walioshindwa kwenda kwa mapigo mamoja hujifunza kungojana, jambo ambalo wanamuziki wengi wa malipo hawajalifikia.

Wapinzani wa kwanza huleta programu kama JackTrip, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambayo hupunguza ukawiaji kwa kusafirisha sauti bila kuibana, na ni kweli kwamba husaidia watu wasioishi mbali sana na wenzao, ingawa haijapatikana programu ya kuisogeza Mombasa karibu na London. Wapinzani wa pili hukumbusha kwamba muziki wa ridhaa ulistawi watu walipokaa pamoja, na hutoa mfano wa vikundi vya taarab vya Zanzibar kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Hoja hiyo ni nzito, lakini haimfai Mzanzibari anayeishi Muscat au Toronto, ambaye udi wake hauna msikilizaji mwingine ila ukuta. Atakayesema kwamba rekodi ni kimbilio la waoga na ajibiwe kwa mfano wa mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould, aliyeacha maonyesho ya jukwaani mwaka 1964 akiwa mashuhuri na kujifungia studioni hadi mwisho wa maisha yake, bila hata jogoo wa kumsingizia.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba kila onyesho la mtandaoni linapowashukuru waratibu na washiriki, ukawiaji nao utajwe jina mbele ya wote. Na ikiwa shukrani hizo zitaufikia baada ya wengine wote kuondoka, utakuwa umeheshimiwa kwa namna hasa inayoustahili.