Namna ya Kwenda Kumwona Mzazi

Juma la pili baada ya kujifungua, katika orofa ya nne ya ploti moja pale Umoja, niliinuka kitandani kuwachemshia chai wageni saba waliokuja kuniona. Mkono mmoja ulishika ukuta, wa pili sufuria. Tangu siku hiyo nina mwongozo, na kila rafiki anayekwenda kumwona mama aliyetoka kujifungua namsomea kabla hajavaa viatu.

Kwanza, fungua mkoba wako. Ukikuta ndani nguo ya mtoto peke yake, shuka kwenye matatu. Mtoto ana nguo. Mwenye njaa ni mama yake. Pitia Burma, pale Jogoo Road, ununue mifupa ya supu, na njahi umwulize mama mboga. Wakikuyu hawamwachi mzazi bila njahi. Bibi wa Majengo naye atatia tangawizi na pilipili manga katika uji mpaka pua ifunguke. Usiingilie ubishi wa nani anajua zaidi, kwa maana sufuria zote mbili zinakubaliana: aliyetokwa na damu alishwe, alishwe moto, alishwe tena. Chai ya majani tu ndiyo ikae mbali na mlo, kwani huuzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga.

Pili, maji. Katika mitaa yetu mfereji hutoa maji kwa zamu, na zamu haijui nani kazaa. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na ploti haina lifti. Ukiukuta mtungi mtupu mlangoni, usiuruke ukaingia kusema "pole na hongera". Uchukue, ushuke nao, uujaze, upande nao. Hongera itasemwa ukishautua.

Maji hayo yana kazi. Bibi aliyenikanda kwa maji moto alitoka Majengo, jirani na hospitali ya uzazi ya Pumwani, inayozalisha wana-Nairobi tangu 1926, na hakuwa na ugomvi na daktari. Kabla hajagusa karai aliniuliza, "Mwanangu, ulizaa mwenyewe au ulipasuliwa?" Alipojua sikupasuliwa, alichovya taulo, akalikamua, akalijaribu kwanza kwenye mkono wake upande wa ndani, ndipo akaliweka kiunoni pangu. Alikanda mgongo, mapaja na miguu, polepole, huku akinisimulia habari za wajukuu wake, nami nikalala usingizi ambao sikuwa nimeuonja tangu leba. Kisha akanifunga mkaja, leso iliyokunjwa mara tatu na kuzungushwa tumboni, ikashika bila kubana pumzi. Ndilo neno lile lile la posa: ada anayopewa mama wa bi harusi huitwa mkaja, kukumbuka kitambaa alichojifunga alipomzaa binti huyo. Basi anayemkanda mwenye mshono wa upasuaji, au anayemmwagia mzazi maji yanayotokota, hajafundishwa na bibi yeyote. Mwambie aweke karai chini.

Tatu, jiko la makaa. Najua chumba ni kimoja, Julai ina baridi na udi unanukia vizuri. Litoe nje. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na mzazi na mtoto ndio wanaolala humo mchana kutwa.

Ile chupa isiyo na jina uliyouziwa stendi, eti inasafisha tumbo la uzazi, irudi nawe ulikotoka. Tumbo la uzazi hujisafisha lenyewe, na dawa anazokunywa anayenyonyesha huweza kupita katika maziwa. Mtoto apewe titi peke yake miezi 6, hata maji asipewe. Kitovuni pasitiwe mate wala majivu.

Ukishaketi, mtazame mama kabla ya mtoto. Muulize damu ikoje. Kama pedi inalowa ndani ya saa moja, kama ana homa, kama kichwa kinampasua na macho yanaona ukungu, au mguu mmoja umevimba na kuuma, kikao kimekwisha: tafuta gari, mwende hospitali hata kama ni saa nane usiku. Wa Umoja na Kayole wana Mama Lucy Kibaki karibu.

Wazee walimpa mzazi siku 40, na kliniki humwita tena wiki ya 6, siku 42, hesabu zinakaribiana. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu yenye mshahara. Muuza mitumba wa Gikomba hana mwajiri wa kumpa hata siku moja. Arobaini yake hununuliwa na majirani: huyu kodi ya kibanda, yule unga, wewe zamu ya kufua nepi. Chama chenu kikikutana Jumapili, liwe hilo la kwanza kwenye daftari.

Nusu saa ikitimia, osha kikombe ulichonywea, simama uage. Mfuko wa taka uko nyuma ya mlango. Shuka nao.